Treni ya Katikati ya Mji: Kola Bila Shati

Mlango wa baraza ulifunguka, na aliyeingia hakuwa askari kama tulivyohofia wiki iliyopita. Alikuwa kaka yake Mama Cherehani.

Ndiyo, msomaji, kaka yake wa tumbo moja. Mkandarasi mwenyewe, viatu vimeganda saruji, kofia ngumu kwapani. Alipita katikati ya viti bila kumsalimu mtu, akaenda kukaa kando ya Meya.

Mama Cherehani aliona kila kitu. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya madiwani wenzake. Wote walikuwa wameshakubali hoja ya Meya, au walikuwa wamekubali kunyamaza, jambo ambalo barazani ni lile lile.

Kama gazeti hili limekufikia leo tu likiwa limefungiwa kiatu kilichotoka kwa fundi, usiwe na wasiwasi, tutakupa mkono uvuke. Katikati ya mji huu kumekufa. Mabasi yalihamishiwa pembezoni kwenye maduka mapya, wateja wakafuata mabasi, na maduka ya zamani yakabaki na kufuli. Ndipo wananchi wakaulizwa: mko tayari kulipa kodi ndogo kila mnunuapo kitu, tujenge treni ya mjini na ukumbi mkubwa wa mikutano, ili watu warudi? Wakapiga kura, wakasema ndiyo. Treni na ukumbi. Vyote viwili.

Leo Meya alitaka fungu la treni lihamishiwe kwenye ukumbi. Ukumbi uwe mkubwa zaidi, na pale palipopimwa reli pawe maegesho ya magari.

Kwa nini? Kwa sababu reli huchukua miaka, na ukumbi ungekamilika kabla ya uchaguzi. Watu hawakumwita Meya huyu Mzee Utepe bure. Hajawahi kuona utepe mwekundu asiutafutie mkasi.

Na ukumbi huo anaujenga nani? Umeshamwona akiingia.

"Mheshimiwa Diwani," Meya alisema kwa sauti laini, "nadhani sasa unaweza kuketi. Kaka yako amekuja kukuchukua."

Madiwani wakacheka.

"Nimekuja kwa miguu yangu," Mama Cherehani akajibu. "Nitaondoka nayo."

Kicheko kikafa.

"Mdogo wangu, keti," kaka yake akasema, safari hii kwa sauti ya nyumbani, ile sauti iliyokuwa ikimwamuru avae sweta. "Umeshasema yako. Tumekusikia."

"Sijaanza, kaka."

Meya akagonga meza. "Basi tupige kura. Wanaounga mkono hoja..."

"Samahani, Mheshimiwa."

Kila shingo iligeuka. Aliyesema samahani alikuwa Katibu wa Baraza, bwana mmoja mwembamba mwenye kipara, aliyefanya kazi chini ya mameya kadhaa bila kumuudhi hata mmoja. Watu walikuwa hawajui kama ana sauti.

"Kanuni zetu," alisema, akimeza mate, "zinasema diwani aliyesimama kupinga hoja hakatizwi. Na kura haipigwi mpaka aketi mwenyewe."

"Hata akisimama mpaka kesho?"

"Kanuni haisemi mpaka lini, Mheshimiwa. Inasema mpaka aketi."

Meya alimtazama Katibu kama mtu aliyeumwa na kiatu chake mwenyewe. Kisha akatabasamu, akanyoosha kidole, akazima kipaza sauti cha Mama Cherehani.

"Aseme," alisema. "Mwanadamu huchoka."

Hapo alikosea. Mwanamke huyu alikuwa amefundisha ushonaji kwenye chumba chenye cherehani zinazonguruma kutwa nzima. Alivuta pumzi, na sauti yake ikafika mpaka kwa walinzi wa getini.

"Mtaa wangu mnaujua," alianza. "Fundi saa alikuwa pale kwenye kona. Amefunga. Muuza miwani amefunga. Duka la vitambaa nililokuwa nikinunulia bitana sasa ni mahali pa kutupa maboksi. Mnadhani waliacha kwa kuwa hawajui kazi? Mama mmoja alinipigia simu nimshonee sare za watoto. Akaniuliza, nafikaje huko? Nikaanza kumweleza: shuka kwenye maduka mapya, vuka barabara kuu, tembea mpaka kwenye daraja, halafu uliza. Akaniambia asante, akakata. Sikumlaumu. Hata mimi ningekata."

Diwani mmoja alikohoa. Mwingine aliacha kuchezea simu.

"Sasa Meya anatujengea ukumbi," aliendelea. "Ukumbi mzuri, nimeuona kwenye picha. Wageni watakuja na magari, watateremka, watakaa ndani siku nzima, watapanda magari yao, watakwenda. Mjini hawatakanyaga. Watatuona kupitia kioo cha gari. Mimi ni fundi nguo, waheshimiwa. Nikiletewa kola iliyonyooshwa vizuri, swali langu ni moja: shati liko wapi?"

Kuna mtu alicheka huko nyuma, na safari hii hakuwa akimcheka yeye.

Meya alimnong'oneza mhudumu. Mara feni za dari zikasimama. Joto likashuka kama blanketi. Kisha kutoka chumba cha pili ikaanza kuingia harufu ya chakula cha mchana, na Meya akatangaza, kwa masikitiko makubwa, kwamba kwa mujibu wa utaratibu hakuna mtu atakayekula kabla ya kura.

Ujanja huo ulikuwa mbaya na ulikuwa mzuri. Madiwani wakaanza kumtazama Mama Cherehani kama yeye ndiye aliyezuia sufuria.

Kaka yake akainuka, akamsogelea, akasema chini chini.

"Unaniaibisha."

"Hujatajwa hata mara moja."

"Nina watu wanaongoja kazi hii. Wana familia. Unataka nikawaambie nini?"

"Waambie reli nayo hujengwa kwa saruji."

"Reli watapewa watu wengine. Ukumbi nimepewa mimi." Akashusha sauti zaidi. "Baba alipofariki nani alikulea?"

Hilo lilimchoma. Tusidanganyane, msomaji, lilimchoma sana. Kaka huyu ndiye aliyeacha shule ili yeye asiache. Ndiye aliyebeba tofali ili cherehani ya kwanza inunuliwe.

"Ulinilea wewe," alisema. "Na ulinifundisha nisiogope mtu. Hukusema isipokuwa wewe."

Mkandarasi akageuka. Alirudi kwenye kiti chake, lakini hakukisogeza tena karibu na Meya.

Mama Cherehani aliendelea. Alizungumza juu ya muuguzi anayetoka zamu ya jioni na kupita vichochoro kwa kuwa basi limeishia pembezoni. Alizungumza juu ya wazee waliozaliwa katikati ya mji na sasa wamekuwa kama wafungwa wa ghorofa zao. Jasho lilimtiririka mgongoni. Sauti ikaanza kukwaruza. Diwani mmoja akamsukumia glasi ya maji, Meya akamkazia macho, glasi ikarudi nyuma taratibu.

"Unaweza kuketi unywe," Meya alisema.

"Nitakunywa nikiwa nimesimama, au sitakunywa."

Hakunywa.

Basi ikawa hivyo: yeye na sauti inayokwisha, wao na njaa inayozidi, na Meya akitazama mlango. Kwa nini mlango? Kwa sababu mchana huo alikuwa akingoja mgeni. Chama cha wakunga kilikuwa kikitafuta mji wa kufanyia mkutano wao mkuu, maelfu ya watu kwa juma zima, na Meya alikuwa amemwahidi mwenyekiti wao kwamba akifika atakuta ukumbi umeshapitishwa. Mgeni huyo alitakiwa kupokewa kwa maua na kukaribishwa chakula. Hakutakiwa kukuta kitu kama hiki.

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke mtu mzima, mnene, viatu mkononi, miguu peku, uso umelowa jasho.

"Hodi," alisema. "Hapa ndipo kwa Meya?"

Meya aliruka kutoka kitini. "Mama Mkunga, karibu sana. Lakini gari nililokutumia stesheni..."

"Liko kwenye foleni huko nyuma. Dereva ni kijana mwenye adabu, nimemwacha anasikiliza redio. Nimetembea." Akaviweka viatu chini, akatazama huku na huku. "Huyu mama aliyesimama anaumwa?"

"Anamalizia," Meya akasema. "Suala dogo tu la ndani. Habari njema ni kwamba ukumbi wako..."

"Sijamaliza," Mama Cherehani akasema, na sauti yake sasa ilikuwa kama karatasi inayochanwa. "Namweleza Meya kwamba ukumbi bila treni hauna maana."

Mama Mkunga alivuta kiti cha karibu, akaketi, akaanza kujipepea kwa leso. "Mheshimiwa Meya, hebu nieleweshe. Wakunga wangu watakaa hoteli zilizotawanyika mji mzima. Asubuhi watafikaje kwenye ukumbi?"

"Tumefikiria hilo. Kutakuwa na maegesho makubwa kuliko yote."

"Wakunga wangu hawana magari. Wana miguu, na yenyewe imechoka."

"Tutakodi mabasi."

"Yapite wapi? Kwenye ile foleni nilikomwacha kijana wako?"

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mbaya kiasi hicho.

Mama Mkunga aliinuka. Hakuomba ruhusa, na Katibu, aliyekuwa na kanuni ya kila kitu, ghafla alikuta kuna kitu cha kuokota chini ya meza.

"Nimezalisha wanawake tangu ujana wangu," alisema. "Nitawaambia jambo ambalo kila mkunga analijua. Kichwa kikitoka, watu hufurahi. Wengine huanza kupiga vigelegele. Lakini mkunga hanawi mikono kichwa kikitoka. Mtoto huzaliwa mzima. Ukumbi huo ni kichwa, na sikatai, ni kichwa kizuri. Miguu ikibaki ndani, ninyi hamjazaa kitu. Mmeua."

Akamgeukia Meya. "Treni ikiwepo, tutakuja, na mkutano wetu tutausogeza mbele tuingoje. Isipokuwepo, nimeshaona njia ya kurudi stesheni."

Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Diwani mmoja mnene, yule yule aliyerudisha glasi ya maji, akainuka na kwenda kusimama kando ya Mama Cherehani. Glasi alikuwa ameishika. Akampa.

Alikunywa yote.

Akainuka mwingine. Kisha wawili pamoja, kama watu wanaovuka barabara. Waliobaki wakatazamana, na nadhani baadhi yao waliamua kwa tumbo, lakini waliamua. Hoja ya Meya ilikuwa imekufa kabla ya kupigiwa kura.

Hapo, msomaji, ungetegemea Mzee Utepe akasirike. Hakukasirika. Alitabasamu tabasamu lile lile, na Mama Cherehani akahisi baridi katikati ya joto lote lile.

"Sawa," Meya alisema. "Baraza limesema treni, basi iwe treni. Katibu, tafadhali, tandika ramani ya njia ya reli. Ni vizuri kila mmoja ajue anachokipigia kura."

Ramani ikatandikwa ubaoni. Mstari mwekundu ulitoka stesheni, ukapita mbele ya uwanja wa ukumbi, ukakunja kushoto, na ukakata mtaa wa mafundi katikati.

"Wahandisi wamesema hakuna njia nyingine ya kukunja," Meya akaeleza kwa upole. "Kuna nyumba chache zitakazoondoka. Hii ya kona, kwa mfano, yenye mlango wa kijani."

Mama Cherehani hakuhitaji kusogea karibu. Nyumba ya kona yenye mlango wa kijani alizaliwa humo. Chumba cha mbele ndicho kiwanda chake cha nguo. Chumba cha nyuma, wakati huo huo tunapozungumza, mama yake alikuwa akiishi humo.

"Ulijua," alimwambia Meya.

"Nilidhani unajua. Umeitetea treni hii kwa nguvu sana." Akafungua mikono. "Unaweza bado kuketi, Mheshimiwa Diwani. Hakuna atakayekulaumu. Mama ni mama."

Madiwani waliosimama naye walianza kutazama viatu vyao. Mama Cherehani aliutazama ule mstari mwekundu. Watu aliwaambia nini asubuhi nzima? Kwamba mji una haki ya kufikika. Sasa mji ulitaka kupita juu ya kitanda cha mama yake.

Aliyesogea ni kaka yake.

Alitoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi ili wote wasikie. Hakumtazama mdogo wake. Alijua anachofanya. Mama yao alikuwa hajakubali hata mlango ule upakwe rangi mpya, kwa kuwa ile ya zamani aliipaka mume wake. Mkandarasi alikuwa na hakika: mama akatae, mdogo wake aketi, na mambo yaishe bila yeye kumsukuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Mama, niko barazani na mdogo wangu. Wanasema treni ikija itapita hapo nyumbani. Nyumba itavunjwa. Nimekupigia ili useme mwenyewe. Unakataa, sivyo?"

Kutoka kwenye simu kikasikika kiti kikivutwa.

"Hiyo treni itasimama wapi?" mama akauliza.

"Hapo hapo mtaani, mama. Lakini..."

"Na jirani yangu wa ghorofani, huyu asiyeweza kutembea, ataweza kuipanda?"

Mkandarasi alimtazama Katibu. Katibu akatikisa kichwa kukubali.

"Ataweza."

"Mwenzako yupo hapo? Anasikia?"

"Nasikia, mama," Mama Cherehani alisema.

"Sikiliza basi. Baba yenu hakuijenga nyumba hii ili mtaa ufe tubaki nayo peke yetu. Siku hizi nikifungua dirisha nasikia upepo tu. Zamani nilikuwa nikifunga kwa kelele za watu. Mimi nataka kelele. Wapitishe. Ila mnitafutie pa kukaa mtaa huu huu, na mnipe nafasi nihamishe vyombo vyangu kwa heshima. Mlango nauchukua."

Mkandarasi alifunika uso kwa kiganja. Alipokiondoa alikuwa amezeeka, na pia, ajabu, alifanana zaidi na mdogo wake.

"Mmemsikia," aliliambia baraza. "Mimi si diwani, sina kura. Lakini mpitishe. Mimi nitamjengea mama nyumba nyingine kwa mikono yangu."

Katibu hakumngoja Meya, wala hakungoja Mama Cherehani aketi, kwa kuwa sasa hakuwa akipinga hoja yoyote. Aliuliza wanaokubali fungu la treni libaki kwenye treni, na mikono ikapanda mpaka yule diwani wa pembeni aliyekuwa amesinzia akanyanyua wa kwake bila kujua sababu. Hoja ilipita. Mama Mkunga alipiga kigelegele kimoja, kirefu, cha mtu anayejua kazi hiyo, na watu waliokuwa wakisikiliza kutoka kwenye veranda wakakipokea na kukipeleka mpaka barabarani. Mama Cherehani hatimaye akaketi. Alikaa kama mzigo uliotuliwa. Kaka yake akamwekea mkono begani.

Simu bado ilikuwa wazi mezani.

"Sasa niambieni," sauti ya mama ikasema, "kama mmeamua sasa hivi, mbona hawa wameshafika?"

Mkandarasi akainama. "Nani, mama?"

"Watu wenye tingatinga. Limesimama hapa mlangoni linanguruma. Wanasema nitoke."

"Tingatinga la nani? Lina maandishi ubavuni?"

"Yapo. Ngoja nivae miwani." Ukasikika mngurumo wa injini. "Lina jina lako, mwanangu."

Rangi ilimtoka Mkandarasi. Mdogo wake alikuwa ameshasimama.

"Sikulituma," kaka yake alisema. "Naapa kwa kaburi la baba. Meya aliniomba niliegeshe nyuma ya mtaa. Alisema ni la maonyesho, la siku ya uzinduzi. Funguo nilimpa yeye."

Wote wakageukia kiti cha Meya. Kilikuwa kitupu, na mlango mdogo ulio nyuma yake ulikuwa bado ukicheza kwenye bawaba.

"Mama, toka nje," Mkandarasi aliiambia simu. "Toka, tunakuja sasa hivi."

"Sitoki." Injini ilizidi kunguruma, ikabidi mama apaze sauti, na baraza zima likaisikia. "Kuhama nimekubali. Kufukuzwa sijakubali. Nimekaa kizingitini, na mgongo wangu uko kwenye mlango wa baba yenu. Mwambieni huyo dereva azime chombo chake, au ateremke anieleze usoni yeye ni mtoto wa nani."

Kisha kikasikika kishindo cha chuma, na simu ikakatika.